Njia ya Maji Mengi

4 Mei 2009, Jumatatu

Shajara hii ni ya mwaka jana. Muuzaji wa soko la Custom aliniapia kwa jina la mama yake kuwa ni mpya, nami nikamwamini kwa kuwa ilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Basi siku za wiki nazikata na kuandika zilizo za kweli, tarehe naziacha zilivyo. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea Bukoba, baba alipotukimbizia huko kutoka kwetu Masaka enzi za vita. Sababu ya pili ni tamu zaidi: Douglas hakisomi.

Douglas ni mtoto wa shangazi yangu. Ndiye aliyeniita Juba, na ndiye meneja wa kampuni inayopeleka matishari ya mizigo kutoka bandarini hapa hadi Bor. Miaka miwili nimekaa Custom nikitengeneza redio na simu chini ya mwavuli, yeye akipita na gari na kunipungia mkono. Leo amesimama. Ana kazi ya kunipa, na nikiimaliza vizuri nitaajiriwa fundi wa kampuni, nipewe chumba ndani ya ua wa bandari. Bati la chumba hicho halivuji. Hapa mtaani Gudele tunalala tukiwa tumezungukwa na mabeseni, kwa hiyo mke wangu Annet aliposikia neno hilo aliacha kukoroga uji.

6 Mei, Jumatano

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni imenunua boti ndogo ya mpira, ya kijivu, yenye viraka vitatu, kutoka kwa watu wa misaada waliofunga virago. Nitaitia vitu viwili. Cha kwanza ni kioo cha ramani, kinachoshika setilaiti na kuonyesha boti ilipo na njia iliyopita. Cha pili ni kidude cheusi cha kukaa majini, kinachopiga sauti chini na kungoja mwangwi urudi ili kipime kina. Kwenye karatasi kinaitwa transdyusa. Mimi nakiita jicho, ingawa kwa haki ni sikio.

Nilipowasha kioo nilicheka peke yangu. Mto huu haumo. Kuna utepe wa buluu uliochorwa na mtu mwenye haraka, na boti yetu, iliyofungwa gatini mbele ya macho yangu, ilionekana iko nchi kavu. Kwa hiyo njia ya kupita itabidi tuichore wenyewe, na wa kutuonyesha ni Ladu.

9 Mei, Jumamosi

Mvua. Mwavuli wa Custom umepasuka.

12 Mei, Jumanne

Boti ya mpira haitobolewi, hilo hata mtoto analijua. Mahali pa kushika skrubu ni ubao wa nyuma tu, inaponing'inia injini. Douglas alitaka nitoboe hapo. Nikakataa, kwa sababu kila tundu ni mlango wa maji, na ubao ukioza injini inazama na heshima yangu. Nilikwenda Custom nikanunua ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama, nikakata kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakibandika nyuma kwa ile gundi nyeusi ya vioo vya magari. Skrubu za jicho zinauma plastiki, boti haijaguswa. Nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine atakayesema: ni kazi safi.

Ladu alisimama nyuma yangu muda wote. Huyu ni Mbari wa upande wa Mongalla, miaka hamsini na kitu, mkimbizi wa zamani wa kambi ya Adjumani, alikookota Kiswahili chake, na kazi yake ni kusimama mbele ya tishari na upondo mrefu, akichoma maji na kuita kina ili nahodha ajue pa kupita. Ni mtu wa majivuno, wa kutema tumbaku karibu na viatu vya watu, na mwizi wa sukari. Binti yake Santina anauza chai langoni mwa bandari, na mzee huyu hutia vijiko vitano kikombe kimoja kisha hujaza mfuko wa shati.

"Hii ni ya kukata nyama," aliniambia.

"Najua, mzee."

"Sasa nyama iko wapi?"

Wapakiaji wote walicheka. Mtu wa namna hii nitafanya naye kazi msimu mzima.

18 Mei, Jumatatu

Aibu. Boti ikisimama, jicho linasoma vizuri. Injini ikishika kasi, kioo kinaonyesha vistari vitupu. Ladu alikaa kwenye ukingo wa boti akacheka hadi akakohoa. "Fundi, hii jicho yako ikikimbia inafunga!"

20 Mei, Jumatano

Nimepata. Ni mapovu ya propela. Nimelisogeza jicho mbali na injini na kulishusha vidole vitatu, lifike maji yasiyochafuka. Sasa linasoma hata tukikimbia. Kisha gugu maji likaja likalipiga teke likageuka kutazama mbingu. Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikalifunga hivi kwamba likigongwa linainuka na kurudi lenyewe. Ladu hakucheka. Aliuvuta ule mpira mara mbili, akasema "kwes", yaani vyema, akaondoka.

3 Juni, Jumatano

Leo tumeshindana. Tulisimamisha boti mahali kumi, yeye akachoma upondo, mimi nikasoma kioo. Mara zote kumi tulipatana, tofauti ni upana wa mkono. Nilifurahi kuliko nilivyopaswa. Lakini kila alipotoa upondo alinionyesha ncha yake: hapa tope, hapa mchanga mgumu, hapa udongo wa mfinyanzi unaoshika. "Na yako inasema chini iko nini?" aliuliza. Yangu inasema namba tu.

17 Juni, Jumatano

Mvua. Sehemu za betri hazijafika.

2 Julai, Alhamisi

Mvua. Bado.

14 Julai, Jumanne

Mvua. Annet ameuliza habari za kile chumba. Ameuliza kama mtu anayeuliza saa, lakini ndoo ya tano ilikuwa mkononi mwake.

10 Agosti, Jumatatu

Mto umejaa hadi kwenye mizizi. Kila kitu kiko tayari, ila Ladu amekataa kuonyesha njia. Douglas amenituma nikambembeleze, eti mimi na yeye tunaelewana. Kumbe tunaonekana hivyo.

Nilimkuta kwa Santina. Sikutegemea mtu mwenye kelele vile angesema polepole. Alisema mto hauonyeshwi kwa kampuni, unaonyeshwa kwa mtu. Yeye alionyeshwa na mtu aliyekufa zamani, na mtu huyo alionyeshwa na mwingine. Alinilazia upondo juu ya mapaja nikaona kitu nilichokuwa nikikidharau kama matambara: juu, mahali pa kushikia, vimefungwa vipande vya nguo, kila kimoja cha shati la mtu aliyefundisha au aliyefundishwa. Viko saba. "Mtu ikionyeshwa, inaleta nguo yake," alisema. "Halafu hakuna mmoja anatupa mwingine nje ya bahar." Bahar kwao ni mto.

"Na hii mashine yako," akaongeza, "ikishajua njia, mimi nafanya nini?"

11 Agosti, Jumanne

Nimemuuliza Douglas uso kwa uso. Amesema: "Ladu hatoki. Nani atamtoa Ladu? Mwambie atakaa mbele ya tishari mpaka azeeke." Alisema huku akitafuta ufunguo wa gari.

12 Agosti, Jumatano

Nimemwapia Ladu. Nilisema, "Mzee, nimeongea na mkubwa, wewe upo." Akaniambia nilete nguo. Nilikata kipande cha ovaroli yangu ya buluu, yenye doa la risasi ya kulehemu, nikakifunga cha nane. Nilijiona mpumbavu kidogo, na nilipofika nyumbani sikumwambia Annet.

14 Septemba, Jumatatu

Siku ya tatu majini. Mzee huyu ananiharibia dharau yangu. Kila mahali pana jina: Kwa Mgiriki, Ng'ombe wa Adau, Jumapili Mbili. Kila jina ni tishari lililokwama au mtu aliyezama, naye anawajua wote na watoto wao. Mashine inataka alama fupi, kwa hiyo naandika 001, 002, 003. Aliponiuliza nimeandika nini Kwa Mgiriki, nikasema, "Sita." Akanitazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua vizuri.

Sukari ya mfukoni nimejua inakokwenda. Akiwa majini haonji chakula hadi jioni, hutia chembe ulimini tu, kwa sababu akila usingizi unamshika na upondo hauna msaidizi.

19 Septemba, Jumamosi

Naandika nikiwa ndani ya boti, ndiyo maana mwandiko unaruka.

Tumepita Terekeka. Hapa mto unazunguka fungu la mchanga, na mahali panaitwa Kwa Nyagoa, kwa sababu mama mmoja wa jina hilo alijifungua ndani ya tishari lililokwama siku tisa. Kwenye mashine ni 014. Ladu ametupitisha katikati, juu ya fungu lenyewe, na jicho linasoma mita tatu na robo. Kisha amenishika mkono.

"Fundi, andika. Hii ni njia ya moya ketir, maji mengi. Desemba hapa iko mchanga, ngombe inasimama. Moya sheya, maji kidogo, njia iko kule pembeni chini ya ukingo. Desemba tunarudi, tunachora ya pili."

Kwenye mashine hakuna mahali pa maneno marefu, kwa hiyo nimeyaandika humu mbele yake. Ameweka kidole juu ya karatasi, chenye tope la upondo, akaniuliza, "Hii ndiyo?" Nimemwambia, hii ndiyo. Ameridhika, sasa anatafuta sukari mfukoni.

22 Septemba, Jumanne

Mwenye kampuni amekuja kutoka Kampala. Douglas aliuliza mbele yake: "Semei, njia imekwisha?" Nilitaka kusema kuna ya pili. Lakini mwenye kampuni alikuwa ametabasamu, Douglas alikuwa ameweka mkono begani kwangu, na chumba kile kilikuwa kinaonekana dirishani, na bati lake. Nikasema, "Imekwisha." Desemba ni mbali, nitawaambia kwa wakati wake.

8 Oktoba, Alhamisi

Nitaandika taratibu, nisijirembe.

Asubuhi Douglas alinipa bahasha nimpelekee Ladu. Nilidhani ni ratiba. Ladu aliipindua mikononi akanirudishia, akasema nimsomee, yeye miwani hana. Hajawahi kuwa na miwani. Alitaka tu nisome mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtu wake.

Nikaifungua. Ilikuwa Kiingereza, mistari minne. Ilimshukuru kwa utumishi na kusema kuanzia leo kampuni inatumia vyombo vya kisasa na haihitaji tena mtu wa upondo. Nilisoma mstari wa kwanza, nikaikunja. Santina aliacha kumimina chai. Ladu akasema, "Soma." Nikasoma yote, kwa Kiswahili, na kila neno nililitafuta lililo laini na hakuna lililolainika.

"Wewe ulisema mimi iko," alisema.

"Nilisema, mzee."

"Ulisema umeongea na mkubwa."

"Niliongea."

Wapakiaji walikuwa wanatazama. Nilitamani anitukane, anitemee ile tumbaku, anipe sababu ya kukasirika. Alisimama tu akachukua upondo wake. Nilijua atafanya nini: atakifungua kile kipande cha buluu na kunitupia usoni mbele ya watu. Niliinama nikingoja. Alitoka langoni na upondo begani, na kitambaa changu kikining'inia pale pale pa nane.

Nilikwenda kwa Douglas nikapiga meza. Hilo naliandika kwa kuwa ni kweli, nilipiga meza. Akasema, "Wewe unataka chumba au hutaki?" Mkono ukashuka wenyewe. Mwenye nguvu mpishe, walisema, ila hawakusema unapopisha unamkanyaga nani nyuma yako.

3 Novemba, Jumanne

Tumehamia. Bati halivuji. Mvua yenyewe imekatika, kwa hiyo sijui nashangilia nini.

20 Novemba, Ijumaa

Santina bado ananiuzia chai. Haongei. Hutia vijiko vitano bila kuuliza, kama cha baba yake. Sijui ni tusi au ni mazoea, nakunywa yote.

7 Desemba, Jumatatu

Douglas anasema boti ya mpira inakula mafuta bure kutangulia mbele, wakati njia tunayo tayari. Ameniagiza ning'oe kioo cha ramani nikifunge ndani ya meli inayosukuma tishari, mbele ya nahodha. Nimeking'oa, nikakifunga kwa skrubu nne. Jicho limebaki nyuma kwenye boti, kwenye kipande chake cha ubao wa nyama, halina wa kumwambia linachokiona. Sasa tuna ramani isiyopima maji.

Nilitaka kusema. Nimelizoea sana neno hili, nilitaka.

13 Desemba, Jumapili

Jubek amekufa.

Nahodha wetu ni Jada, kijana mpole, mwaka wa pili kazini. Mimi nilikuwa kando yake nikimwonyesha mstari kwenye kioo. Mbele ya tishari, pale alipokuwa akisimama Ladu, alisimama Jubek, baharia wa kamba, bila upondo, kwa sababu Douglas alitaka mtu aonekane pale ili abiria wasiwe na hofu. Tulibeba mtama na saruji, na abiria kumi na wawili.

Tulipopita Jumapili Mbili nilikumbuka. Uongo, sikukumbuka wakati ule, nilikuwa najua tangu Juba. Nilikuwa nimelisahau jambo hili kama mtu anavyosahau lisilomfaa, kwa kulitazama pembeni. Nikajiambia maji bado ni mengi. Nikajiambia ng'ombe hawajasimama hapo bado.

Jada alisema, "Ustaz, rangi ya maji hapa si nzuri. Nizungukie kule pembeni?"

Nami, Semei Lubega, fundi wa redio kutoka Masaka, niliyeonyeshwa mto na kufunga nguo, nikamjibu: "Fuata mstari."

014. Tishari liliingia mchangani kwa uzito wake wote. Kamba za chuma zilikatika kwa mlio kama wa bunduki, meli ikasukumwa kando, na Jubek, aliyekuja mbio kutoka mbele kuzishika, alitupwa kati ya meli na tishari. Tulimtoa dakika ishirini baadaye. Alikuwa na kalamu sikioni, kalamu haikuanguka, na hilo ndilo linalonirudia. Mama mmoja wa Bor alimfunga kidevu kwa kitambaa chake cha kichwa akaniuliza huyu ni mtoto wa nani, nami sikujua. Ladu angejua.

16 Desemba, Jumatano

Polisi wanauliza. Mwenye kampuni anapiga simu kila saa. Douglas aliniingiza ofisini akafunga mlango, macho mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu utoto nilimwona anaogopa.

"Semei, mimi nakuuliza kama ndugu. Huyo mzee alikwambia kuwa njia ile haifai wakati wa kiangazi?"

Aliuliza kwa haki. Hakujua. Kila ubaya niliomwandikia humu ni wake, lakini huu si wake, kwa kuwa mimi sikumwambia. Nilikuwa na nafasi ya neno moja.

"Hapana," nikasema.

Akavuta pumzi. Akaandika taarifa: kwamba Ladu, kwa kinyongo cha kuogopa kuachishwa kazi, aliionyesha kampuni njia mbaya kwa makusudi, akaficha hatari yake. Chini yake nikatia sahihi. Kalamu yake ilikuwa nzuri, ya wino mzito.

18 Desemba, Ijumaa

Wamemkamata Ladu. Upondo nao umechukuliwa.

21 Desemba, Jumatatu

Santina hayupo langoni.

25 Desemba, Ijumaa

Annet alipika kuku. Hakuna aliyekula vizuri. Mwishowe akauliza, "Yule mzee alikwambia, au hakukwambia?" Nikamwambia kweli, kwa kuwa uongo mmoja kwa mwezi unanitosha. Alifagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Kisha akasema: "Yeye yuko kwao, ndugu zake watamtoa. Sisi tukifukuzwa, atatutoa nani?" Si mtu mbaya Annet. Alisema lililokuwa moyoni mwangu, na lilipotoka kinywani mwa mwingine niliisikia harufu yake.

2 Januari 2010, Jumamosi

Shajara imekwisha. Naandika kwenye kurasa za nyuma zilizowekewa namba za simu.

Santina amekuja hadi mlangoni. Annet alimpa kiti, hakukaa. Alisema ndugu wa Jubek wanataka damu ya baba yake, na kwamba baba amekonda, lakini kinywa bado anacho, anawatukana wote pale kituoni.

"Amu Semei," alisema, yaani baba mdogo, neno ambalo hajaniita tangu Oktoba. "Baba anasema wewe uliandika. Alikuona na macho yake. Anawaambia polisi, muulizeni fundi, iko katika kitabu yake. Wanacheka. Wanasema fundi ndiye ametia sahihi."

"Na yeye anasemaje kuhusu sahihi?"

"Anasema umelazimishwa."

Nilimwambia nitatafuta kitabu. Kilikuwa mezani, kati yake na mimi, chini ya kofia yangu.

Alipofika mlangoni nikamuuliza habari za upondo. Alisema uko kituoni, umesimamishwa kwenye kona. Askari walitaka kukata vile vitambaa, baba yake akapiga kelele hadi wakaviacha. "Vyote nane," alisema.

3 Januari, Jumapili

Sikwenda kanisani. Nimeisoma shajara yote tangu Mei. Nilitaka kuchana ukurasa wa 19 Septemba niupeleke peke yake, watu wasione mengine: mwizi wa sukari, ndoo za Annet, Douglas na ufunguo wa gari, na mimi mwenyewe kila ukurasa nikitaka kusema. Lakini karatasi moja iliyochanwa ni karatasi tu, mtu yeyote anaweza kuiandika jana. Kitabu kizima, chenye mvua zake na siku zake nilizozikata kwa kalamu, hakuna mjinga atakayesema nimekitunga kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kinakwenda chote.

Najua kinachofuata. Chumba kinakwenda, kazi inakwenda, na shangazi atahesabu kuwa mimi ndiye niliyemwangamiza mwanawe Douglas. Wale waliotaka damu ya Ladu watakuja kusoma jina langu, na kwenye 13 Desemba watakuta maneno mawili niliyomwambia Jada. Njia ya mwongo ni fupi, walinifundisha Bukoba, nami nilishika nafasi ya kwanza kwenye mtihani.

Nimemwambia Annet. Hakulia, hakunizuia, wala hakunibariki. Alikwenda kwenye sanduku, akatoa ile nailoni ya Custom iliyokuja na shajara, ambayo sikujua kama aliihifadhi, akaikung'uta na kuniwekea mezani. Kisha akaanza kufunga vyombo.

Pale kituoni yuko askari mmoja tu anayesoma Kiswahili, Sajenti Akuol, aliyesomea kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Basi haya ya mwisho ni yako, dada Akuol. Niliyotia sahihi tarehe 16 Desemba ni uongo, na ni wangu. Usianze mwanzo, utachoka na mvua. Fungua 19 Septemba, mahali mwandiko unaporuka, umsomee mzee Ladu kwa sauti, kwa kuwa miwani hana. Pembeni pana alama ya tope. Ni kidole chake, mwambie akiweke tena hapo.